Wanawake katika ADF

ADF, ambayo watu wa Beni, mashariki mwa Kongo, huiita NALU hadi leo, ni kundi la waasi wa Uganda lililoanza mwaka 1995 na kujichimbia upande wa Kongo wa milima ya Rwenzori. Mwanzilishi wake, Jamil Mukulu, alikamatwa Tanzania mwaka 2015. Mrithi wake, Musa Baluku, aliliweka kundi hilo chini ya Daesh, yaani Dola la Kiislamu, ambayo tangu Aprili 2019 hudai kuhusika na mashambulizi ya ADF.

Kambi za ADF hukaliwa na familia nzima. Wanawake hupika, hubeba mizigo, huuguza majeruhi na kufundisha watoto. Wengine wameshika bunduki. Wapo waliofuata waume, wapo waliodanganywa kwa ahadi ya kazi au masomo, na wapo wengi waliotekwa. Mwanamke wa Eringeti, kaskazini mwa Beni, hukamatwa kwenye shamba lake la kakao, akabebeshwa chakula kilichoporwa, na huko msituni akaambiwa asilimu na kuolewa, la sivyo atauawa. Ndoa hiyo ni ubakaji. Kumwita mke wa mpiganaji bila kueleza alivyofika huko ni kumdhulumu mara ya pili.

Pwani ya Kenya, wanawake wamevutwa upande wa Daesh kwa njia nyingine, na humo simu ina nafasi kubwa: wasajili wa kundi hilo huanza kwa mazungumzo ya dini na ahadi za ndoa. Tarehe 11 Septemba 2016 wanawake watatu waliovaa buibui waliingia Kituo Kikuu cha Polisi cha Mombasa wakidai wanaripoti simu iliyoibwa. Mmoja alichomoa kisu, mwingine akarusha bomu la petroli. Wote watatu wakapigwa risasi wakafa. Daesh ilidai kuhusika na shambulio hilo. Mwaka 2018 Marekani ilimwekea vikwazo mwanamke wa Kenya kwa kupeleka fedha za Daesh kwa hawala, yaani utumaji wa fedha nje ya benki, zikiwemo za wapiganaji wa Afrika ya Kati.

Tangu Novemba 2021 majeshi ya Kongo na Uganda, katika operesheni Shujaa, yamekomboa mateka kadhaa wa ADF. Wanaorudi na watoto hukutana na shaka ya majirani, pengine hata ya ndugu. Sheria ya Kongo inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90. Aliyezaliwa msituni, muda huo ukiwa umepita, huhitaji hukumu ya mahakama ili apate cheti cha kuzaliwa.