Polisi wa mtaa wetu analishwa na nani?

Swali linarudi kila mara: mwizi akiingia usiku, kwa nini polisi anaomba kwanza pesa ya mafuta ao ya karatasi? Jibu linatoka mbali.

Mwaka 1888 mfalme Léopold II aliunda Force publique, jeshi na polisi kwa pamoja. Kazi yake ilikuwa kulinda utawala na kulazimisha wanakijiji kuleta mpira. Askari walipokuwa njiani, vijiji ndivyo viliwalisha. Desturi mbaya ikaanzia hapo.

Kisha uhuru, majimbo yalikuwa na polisi yao. Mwaka 1966 Mobutu aliiunganisha chini ya Kinshasa, na 1972 akaiingiza ndani ya gendarmerie, yaani chini ya jeshi. Mwaka 1984 akaongeza Garde civile. Lakini mishahara iliisha nguvu. Mwaka 1991 na 1993 askari wenyewe walipora miji. Wazee wetu wanakumbuka.

Polisi ya taifa ya leo, PNC, ilizaliwa 1997, kisha utawala wa Mobutu kuanguka. Katiba ya 2006 inasema kazi yake ni usalama wa watu na mali zao. Kifungu cha 184 kinaiweka chini ya viongozi wa raia wa mahali, na wizara ya mambo ya ndani inaisimamia. Hapo ndipo kuna fundo: mshahara, cheo na silaha vinatoka Kinshasa, lakini gavana na bourgmestre ndio wanaoitwa usiku. Jimbo likitoa pikipiki ao mafuta, kituo kinatembea. Lisipotoa, raia analipa.

Bukavu, Matadi na Kananga zilijaribu polisi ya ujirani, kwa musaada wa Uingereza: polisi, viongozi na wakaaji wanakaa pamoja kutaja hatari za mtaa. Huko Ituri na Kivu ya Kaskazini, tangu Mei 2021, hali ya dharura iliweka wanajeshi na polisi kwenye viti vya raia.

Familia iliyohama haina mlango wa kufunga wala jirani wa zamani. Inahitaji polisi kuliko wengine, na haina franka ya kumulipa. Basi bajeti ya jimbo ikisomwa, tuwaulize wabunge wetu wa jimbo: kituo cha mtaa wetu kimepangiwa nini?