Ubavu wa Tembe

Istilahi "bawa la jengo", iliyopitishwa na wataalamu ambao yaelekea hawajawahi kuinama kuingia mlango mfupi wa tembe, inakusudiwa kutaja sehemu ya nyumba iliyoongezwa pembeni mwa ile ya awali na kuungana nayo kwa paa, lakini haifai. Ndege ana mabawa ili aruke, ilhali tembe ya Wanyaturu na Wanyiramba mkoani Singida, kama ile ya jirani zao Wagogo, imelala chini kwa makusudi, paa lake tambarare la udongo likibebwa na fito, fito zikilala juu ya boriti, na boriti juu ya nguzo zenye panda.

Neno stahiki ni ubavu. Ubavu huzaa mbavu kama ubao unavyozaa mbao, na ni kweli kwamba ubawa na mbawa hufuata njia hiyohiyo, jambo ambalo wapinzani wa neno ubavu hulishikia bango. Hata hivyo, kufanana kwa ngeli si undugu wa maana, kwa kuwa mbavu zimeshikamana na uti wa mgongo, na bawa hukunjwa na kukunjuliwa. Kiswahili tayari kina ubavu wa mlima na ubavu wa meli. Wanaolalamika kwamba neno hilo limekwisha kuchukuliwa na maana ya nguvu, kama katika "hana ubavu", hawajaeleza kwa nini badala yake wanalikumbatia neno mrengo, lililomezwa zamani na siasa.

Katika tembe, familia ikikua, nguzo mpya huchimbiwa kando ya ukuta wa mwisho, boriti zikaegemezwa kwenye panda za nguzo za zamani, fito na udongo vikafuata, hata nyumba ikauzunguka ua wanamolala ng'ombe. Bati lilivuruga utaratibu huo, kwani hutaka mteremko, na miteremko miwili ikikutana huacha mfereji unaovuja. Hivyo wengi, hasa baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 kuwahamishia kwenye viwanja vilivyopangwa kwa mistari, walijenga banda la peke yake badala ya kurefusha nyumba. Banda hilo si ubavu, na kuliita nalo bawa, kama inavyofanywa, ni kuchanganya vitu viwili.

Kwa matumizi: ubavu wa mashariki, nyumba ya mbavu tatu, kuongeza ubavu.