Uso wa Mgonjwa na Kisu cha Daktari: Kutoka Pune hadi Maskati

Mtu hutambuliwa kwanza kwa uso wake. Kwa hiyo uvimbe wa saratani unapoota puani, kopeni au mdomoni, daktari hukabiliwa na mtihani mgumu. Akikata kidogo, maradhi hubaki. Akikata sana, mgonjwa hupona lakini huona haya kutoka mbele za watu.

Maskati, mji mkuu wa Oman, ilichelewa kulipata jibu la mtihani huo. Kwa karne nyingi wagonjwa walitibiwa kwa mitishamba au kwa kuchomwa chuma cha moto, tiba iitwayo wasm. Mwaka 1909 alifika daktari mmisionari wa Kimarekani, Sharon Thoms. Mwanawe, Wells Thoms, alihudumu katika hospitali ya misheni ya Matrah kuanzia mwaka 1939 hadi 1970. Hospitali hiyo ilikuwa miongoni mwa vituo vichache mno vya tiba nchini, na upasuaji wa kuujenga upya uso ulikuwa jambo la mbali.

Hata hivyo, ufundi wenyewe ulizaliwa ng'ambo ya bahari ile ile inayopiga ukuta wa Maskati. Mwaka 1794 jarida moja la London lilisimulia habari za Cowasjee, mwendesha mkokoteni wa ng'ombe aliyekatwa pua vitani nchini India. Fundi wa eneo la Pune alimtengenezea pua mpya kwa ngozi ya paji la uso. Ngozi hiyo haikutengwa kabisa na mahali pake. Iliachiwa shina jembamba la kupitisha damu hadi iliposhika. Mwaka 1814 Joseph Carpue aliijaribu njia hiyo London na kufaulu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Harold Gillies aliupanua ujuzi huo kwa askari waliojeruhiwa nyuso. Binamu yake, Archibald McIndoe, aliuendeleza, na mwaka 1957 alishirikiana na Michael Wood na Tom Rees kuanzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege Afrika Mashariki.

Lakini kujenga si kazi ya kwanza. Kwanza ni kuhakikisha kwamba maradhi yameondoka yote. Katika miaka ya 1930 Frederic Mohs wa Marekani alibuni njia ya kukata uvimbe tabaka kwa tabaka, kila tabaka likichunguzwa kwa hadubini. Mwaka 1972 Cyril Toker alieleza saratani adimu ambayo sasa huitwa ya Merkel. Hiyo huota hasa kwenye ngozi iliyopigwa na jua, usoni na shingoni, hukua haraka na mara nyingi haiumi. Mwaka 2008 watafiti waligundua kirusi kinachohusishwa nayo. Wagonjwa wengi huhitaji kupimwa tezi za limfu na kupewa mionzi baada ya upasuaji.

Oman ilibadilika kuanzia mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka. Hospitali ya Khoula, ambayo baadaye ilipata sifa kwa upasuaji wa kurekebisha maumbile na tiba ya majeraha ya moto, ilifunguliwa mwaka 1974. Royal Hospital ilifuata mwaka 1987, na hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos mwaka 1990. Waomani waliorejea kutoka Zanzibar, wenye elimu na Kiswahili chao, walikuwa miongoni mwa walioijenga nchi hiyo mpya.

Ujuzi uliotoka Pune ulizunguka kupitia London kabla ya kutia nanga tena katika Bahari ya Hindi. Lakini bado kuna jambo moja ambalo hospitali haiwezi kumfanyia mgonjwa, nalo ni kumleta mapema. Uvimbe usiouma huwadanganya wengi. Ukiwa mdogo, kidonda huweza kufungwa kwa mshono; ukiachwa, hudai pua nzima. Chuma cha moto nacho huweza kuunguza kilicho juu na kuficha kilicho chini. Usiyempa daktari nafasi leo, kesho atalazimika kuchukua zaidi.