Kupoteza Ajira Ukiwa na Mkopo wa Nyumba: Haki, Wajibu na Hatua za Kuchukua

Mkopo wa nyumba ni deni la muda mrefu linalotegemea kipato cha kila mwezi. Hapa nchini marejesho yake yanaweza kuchukua miaka 20 hata 25, na kwa waajiriwa wengi hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Ajira inapokoma, makato nayo hukoma, lakini riba huendelea kuhesabiwa na nyumba huendelea kuwa rehani ya benki.

Mikopo ya aina hii ilipata msukumo baada ya Bunge kutunga Sheria ya Mikopo ya Nyumba (Masharti Maalum) ya mwaka 2008, iliyorekebisha pia masharti ya rehani katika Sheria ya Ardhi, Sura ya 113. Sheria hizo zinampa mkopeshaji njia ya kurejesha fedha zake na zinampa mkopaji ulinzi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ulinzi huo huanza kufanya kazi baada ya mkopaji kushindwa kulipa. Nafuu kubwa zaidi hupatikana mapema, pale mkopaji anapoiendea benki kabla rejesho la kwanza halijakosekana. Makala haya yanaeleza hatua hizo kwa mwananchi wa Tanzania Bara.

Muda wa kuanza kujipanga

Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi anapaswa kutoa taarifa ya kusudio hilo, kueleza sababu zake na kushauriana na wafanyakazi au chama chao kabla ya uamuzi kutekelezwa. Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala ya notisi hiyo.

Kwa mwenye mkopo wa nyumba, siku hizo ni za kufanyia kazi. Katika kipindi hicho angali ana mshahara, rekodi yake ya marejesho ni safi, na benki inamwona kama mteja anayetaka kulipa. Mkopo usipolipwa kwa zaidi ya siku 90 huingia katika kundi la mikopo chechefu, na taarifa zake huonekana katika kumbukumbu za wakopaji zinazotumiwa na taasisi nyingine za fedha. Kuanzia hapo mazungumzo huwa magumu zaidi.

Malipo anayostahili mfanyakazi

Ajira inapokoma, mfanyakazi anastahili mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuitumia, malipo ya notisi iwapo hakupewa, na cheti cha utumishi. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi anastahili pia kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa kikomo cha miaka 10, isipokuwa katika mazingira yaliyoainishwa na sheria, kama vile kuachishwa kazi kwa haki kutokana na utovu wa nidhamu. Kwa hiyo, hata aliyetumikia miaka 20, kiwango hicho cha chini cha kisheria ni mshahara wa siku 70. Fedha hizo zinaweza kuisha haraka zisipopangiwa matumizi.

Anayeamini kuwa ameachishwa kazi isivyo halali anapaswa kuwasilisha mgogoro wake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Hata hivyo, shauri lililopo Tume halisimamishi marejesho ya mkopo. Yanapaswa kushughulikiwa kwa pamoja.

Mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii aliyepoteza ajira pasipo kujiuzulu mwenyewe anaweza kuomba fao la kukosa ajira. Kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na kutimiza masharti mengine, fao hilo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa mwezi, kwa muda usiozidi miezi sita. Kwa mfano, aliyekuwa na mshahara wa Sh. 2,400,000 atapata takribani Sh. 799,000 kwa mwezi. Kama rejesho lake ni Sh. 790,000, karibu fao lote litaishia benki na familia itakosa fedha ya chakula. Fao hilo linasaidia, lakini haliwezi kubeba mkopo peke yake. Ndiyo maana mazungumzo na benki ni ya lazima hata kwa mwenye sifa ya kulipwa fao.

Angalia bima ya mkopo

Mikopo mingi ya nyumba huambatana na bima ya maisha ya mkopaji, inayolipa deni endapo atafariki au kupata ulemavu wa kudumu. Baadhi ya bima hizo huhusisha pia kupunguzwa kazini na hulipa marejesho ya miezi kadhaa. Mkopaji anapaswa kuomba nakala ya hati ya bima, kusoma masharti yake na kuwasilisha dai ndani ya muda uliowekwa. Dai likikataliwa bila sababu ya kuridhisha, anaweza kupeleka lalamiko katika Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Nafuu ipi iombwe

Wakopaji wengi huomba kuongezewa muda wa mkopo, wakiamini kuwa muda mrefu zaidi utashusha rejesho kwa kiasi kikubwa. Ukweli unategemea umri wa mkopo, kama hesabu zifuatazo za mfano, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, zinavyoonesha.

Mkopo mpya wa Sh. 60,000,000 kwa miaka 20 una rejesho la takribani Sh. 790,000 kwa mwezi. Katika mwezi wa kwanza, Sh. 750,000 kati ya hizo ni riba, ni Sh. 40,000 tu zinazopunguza deni lenyewe. Muda ukiongezwa hadi miaka 25, rejesho hushuka hadi takribani Sh. 768,000. Nafuu ni Sh. 22,000 hivi, ambayo haimsaidii asiye na mshahara. Kuruhusiwa kulipa riba pekee nako hupunguza Sh. 40,000 tu.

Hali ni tofauti kwa mkopo unaokaribia kuisha. Aliyebakiza deni la Sh. 20,000,000 na miaka mitatu hulipa takribani Sh. 693,000 kwa mwezi. Akiongezewa muda hadi miaka minane, rejesho hushuka hadi takribani Sh. 359,000, karibu nusu.

Kwa hiyo, mwenye mkopo wa zamani aombe kwanza kuongezewa muda. Mwenye mkopo mchanga aombe kusitishiwa marejesho kwa miezi kadhaa, au kulipa kiasi kidogo kinacholingana na kipato alichonacho. Nafuu hiyo ina gharama: katika mfano wa mkopo wa Sh. 60,000,000, kusitisha marejesho yote kwa miezi sita na riba kuongezwa kwenye deni hulipandisha deni hadi takribani Sh. 64,600,000, na rejesho la baadaye kwa miaka 20 huwa takribani Sh. 851,000. Mkopaji anapaswa kuielewa gharama hiyo kabla ya kusaini.

Benki hailazimiki kukubali kila ombi, lakini utaratibu wa kurekebisha masharti ya mkopo upo na umewahi kutumika kwa upana. Mei 2020, kutokana na athari za UVIKO-19, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa unafuu wa kiusimamizi kwa benki na taasisi za fedha zitakazojadiliana na wakopaji na kurekebisha mikopo yao, kila ombi likitazamwa kwa hali yake.

Ombi liwasilishwe kwa maandishi na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ihifadhiwe. Barua ieleze mambo yafuatayo:

1. Tarehe na sababu ya kukoma kwa ajira, pamoja na nakala ya barua ya mwajiri.
2. Kipato kilichopo sasa, kikiwemo kiinua mgongo, fao, biashara au kipato cha mwenza.
3. Kiasi ambacho mkopaji anaweza kulipa kila mwezi bila kuvunja ahadi.
4. Nafuu inayoombwa na muda wake.
5. Mpango wa kurejea katika malipo kamili.

Wakati ombi likisubiri majibu, mkopaji aendelee kulipa kiasi anachokiweza. Asichukue kuwa ukimya wa benki ni kibali. Pia asome mkataba wake kujua kama malipo ya mwisho wa ajira yanayopitia akaunti ya mshahara yanaweza kukatwa kufidia deni.

Mkopaji akishindwa kulipa

Chini ya Sheria ya Ardhi, benki haiwezi kuuza nyumba kwa sababu tu rejesho limechelewa. Inapaswa kumpa mkopaji notisi inayoeleza aina na kiwango cha ukiukwaji, hatua anazopaswa kuchukua kuurekebisha, na kwamba siku 60 zikipita tangu aipokee, deni lote litadaiwa kwa pamoja na nyumba inaweza kuuzwa. Notisi hiyo isifichwe kabatini. Mwenza ashirikishwe mapema, kwa kuwa rehani ya nyumba ya familia huhitaji ridhaa yake.

Mnada wa ardhi nao huhitaji tangazo la umma la siku zisizopungua 14. Mkopeshaji anayeuza ana wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huchukulia kuwa wajibu huo umekiukwa, mpaka mkopeshaji athibitishe vinginevyo. Kiasi kinachobaki baada ya deni na gharama kulipwa ni mali ya mkopaji.

Ni muhimu kufahamu kuwa sheria humlinda pia mnunuzi. Mauzo yakishakamilika, mkopaji aliyeathiriwa na ukiukwaji wa utaratibu kwa kawaida hubaki na haki ya kudai fidia kutoka kwa aliyeuza, si kurejeshewa nyumba. Pingamizi lolote lipelekwe kwa wakili na mahakamani kabla ya siku ya mnada.

Kupangisha au kuuza kwa hiari

Pale inapodhihirika kuwa kipato hakitarejea karibuni, familia inaweza kuhamia makazi ya gharama nafuu na kuipangisha nyumba, kwa ridhaa ya benki, ili kodi isaidie marejesho. Njia nyingine ni mkopaji kuiuza mwenyewe kwa makubaliano na benki. Muuzaji mwenye muda wa kutafuta mnunuzi ana nafasi nzuri zaidi ya kupata bei ya soko kuliko nyumba iliyofika mnadani, na hukwepa gharama za mnada.

Wananchi wanatahadharishwa kutolipa mkopo wa nyumba kwa mikopo ya riba kubwa, maarufu kama kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji kuwa na leseni, na ni vyema kuithibitisha kabla ya kutia saini.

Mahali pa kupata msaada

Lalamiko dhidi ya benki huwasilishwa kwanza katika benki husika, kwa maandishi. Lisipopatiwa ufumbuzi, mteja anaweza kulifikisha Benki Kuu ya Tanzania, inayosimamia Kanuni za Kumlinda Mlaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa aliyepoteza ajira, dawa hiyo huanza kwa kufika benki na barua mkononi wakati mshahara wa mwisho ungali haujaisha.