Katazo la Tumbaku katika Hospitali za Buha

Katika Buha, yaani nyanda za juu za Kigoma, katazo la tumbaku hospitalini lilitoka kanisani kabla ya kutoka serikalini. Hospitali ya Heri, iliyokuwa ndani ya Kasulu hadi Wilaya ya Buhigwe ilipoundwa mwaka 2012, iliasisiwa na Waadventista Wasabato enzi za utawala wa Waingereza, na mafundisho ya kanisa hilo hukataza tumbaku ya kila namna.

Katazo hilo lilikuta mazoea makongwe. Mwaka 1858 Richard Burton alipofika Ujiji, chini ya nyanda hizo, aliona watu wakiloweka tumbaku, wakikamua maji yake na kuyavuta puani, kisha wakibana pua kwa koleo ndogo. Baadaye Kasulu na Kibondo zikalima tumbaku ya biashara, inayokaushwa kwenye mabani kwa moto wa kuni. Mkulima aliyelazwa wodini huenda ameuza jani lile lile analokatazwa kulivuta.

Sheria ya nchi ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka 2003, ikapiga marufuku uvutaji katika baadhi ya maeneo ya umma, hospitali zikiwamo. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tumbaku.

Faida kwa wagonjwa haina ubishi. Moshi wa sigara una kaboni monoksidi, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Ndiyo maana vidonda vya upasuaji vya mvutaji huchelewa kupona. Wenye pumu, watoto wachanga na wagonjwa wa kifua kikuu hupata nafuu hewa inapokuwa safi. Kwa watumishi, ushahidi mzuri unatoka Marekani, ambako hospitali zilitakiwa kuacha moshi mwanzoni mwa miaka ya 1990: watumishi wao waliacha sigara kwa wingi kuliko wafanyakazi wa sehemu nyingine.

Ugumu uko kwa mgonjwa aliyezoea. Saa chache tu baada ya kukosa nikotini, arosto huanza: hasira, kukosa usingizi, kushindwa kutulia. Muuguzi asiyeuliza habari za tumbaku wakati wa kumpokea mgonjwa anaweza kudhani ni ukaidi, na mgonjwa akatoroka kabla ya kumaliza dawa. Kumnyang'anya mzee kiko chake bila kumsaidia ni kazi iliyoishia njiani. Shirika la Afya Duniani liliingiza tiba ya nikotini, kama vibandiko vya ngozini, katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Pasipo na dawa hizo, ushauri wa muuguzi anayezungumza Kiha ni tiba pia.

Ugoro nao hauna moshi, hivyo katazo la uvutaji haliufikii, ingawa nikotini ni ile ile. Wala katazo hilo haligusi moshi wa kuni pale ndugu wanapowapikia wagonjwa wao uwanjani.