Tezi Chini ya Mdomo

Masika yakianza Msambweni, konokono hujaa ukutani kwa nyanya kama kuna mtu kawaalika. Wale wakubwa, gamba la kahawia lenye michirizi. Nyanya dawa yake ni moja: chumvi. Utotoni nilikuwa nawaiba kabla hajafika na kuwaachilia nyuma ya minazi.

Niliacha chuo mwaka wa pili (karo, hadithi ndefu) na katika yote niliyosomeshwa, kilichonibakia ni kichwa cha konokono. Pembe nne: mbili ndefu za juu zina macho nchani, mbili fupi za chini ni za kunusa na kuonja. Mdomoni kuna ulimi wenye maelfu ya vijino, unakwangua jani kama mbuzi inavyokuna nazi. Chini tu ya mdomo kuna tezi inayomwaga ute anaotembelea. Ute huo ni barabara yake. Ndio pia unaomchoma.

Huyu wa nyanya ni Achatina fulica, mzaliwa wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Alivushwa hadi Mauritius, na mwaka 1847 William Benson akampeleka Calcutta, akaachiliwa bustanini. Kufikia 1936 yuko Hawaii, anamaliza mboga za watu.

Dawa ikatafutwa huku huku kwetu: konokono mla-konokono, Gonaxis kibweziensis (ndiyo, Kibwezi ile ile), akachukuliwa Kenya na kuachiliwa kisiwa cha Agiguan mwaka 1950. Kisha 1955 Hawaii ikaleta mkali zaidi kutoka Florida, Euglandina rosea. Huyo midomo yake imerefuka kama masharubu. Anaigusisha kwenye ute, anajua nani kapita, anamfuata hadi amkute. Lakini nani alimwambia afuate ute wa Achatina peke yake? Mwaka 1977 alipelekwa Moorea, karibu na Tahiti. Miaka kumi baadaye, konokono wadogo wa Partula, ambao magamba yao watu wa huko walitungia mashada, walikuwa wamekwisha msituni.

Juzi nilimsimulia nyanya kisa cha 1966: mvulana alirudi Miami kutoka Hawaii na konokono watatu, nyanyake akawatupa bustanini. Kuwamaliza kulichukua takriban miaka kumi na dola milioni moja.

Nyanya alicheka, kisha akauliza, "Kwani huyo mwenzangu hakuwa na chumvi?"