Barua Iliyokosa Jibu: Kiarabu na Watoto Wetu

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mzazi mmoja, msikilizaji wa kipindi hiki, mkazi wa Temeke. Anasema mwanawe yupo darasa la nne, na mwaka huu amechagua kusoma Kiarabu shuleni. Mtoto amefurahi, lakini nyumbani pamezuka maneno. Mama anauliza: "Kiarabu kitampa nini mwanangu? Si bora hizo saa azitie kwenye hesabu?" Baba naye hajui ajibu nini, maana yeye mwenyewe alisoma madrasa utotoni, akahitimu, na hadi leo hajui maana ya sentensi moja. Ameniomba mimi nitoe rai.

Ndugu msomaji, swali hili si geni. Lilikuwa likiulizwa vibarazani mwetu kabla ya kuzaliwa mimi na wewe. Kwa hiyo, badala ya kumjibu kwa neno moja, naomba turejee nyuma kidogo.

Hapo Kizimkazi, kusini ya Unguja, upo msikiti wenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwa khati ya kufi, nayo yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladia. Maana yake ni kwamba khati ya Kiarabu ilikuwa ikisomwa katika pwani hii miaka zaidi ya 900 iliyopita. Wala wenyeji hawakuishia kuisoma. Waliichukua wakaandikia lugha yao wenyewe. Zipo barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa huko India, ambazo ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tenzi, hati za mashamba, mikataba ya biashara na barua za mapenzi, vyote hivyo viliandikwa hivyo hivyo.

Na nani aliyefundishwa? Hapa historia haitusifu sote. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 kwamba wavulana walifundishwa kusoma na kuandika, lakini wasichana walifundishwa kusoma tu. Yeye akajifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Binti wa mfalme, jamani, anajificha ili ajue kuandika! Basi fikiria hali ya binti wa mvuvi.

Lakini walikuwapo pia waliofungua milango. Kule Lamu, Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1935, alikusanya wanafunzi katika msikiti wake wa Riyadha, na miongoni mwao walikuwamo watu wa tabaka la chini na wa asili ya utumwa, ambao baadhi ya wakubwa wa mji waliona elimu hiyo si haki yao. Mjini Unguja, mtaa wa Ukutani, Sheikh Abdallah Bakathir aliendesha madrasa yake hadi alipofariki mwaka 1925. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, kisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza watu wa pwani wasitenganishe elimu ya dini na elimu ya dunia. Wote hawa walijua kwamba mtoto hafundishwi na mwalimu peke yake. Anafundishwa na mji mzima.

Kisha ukaja ukoloni. Wajerumani walipoanza kutawala Tanganyika, wao wenyewe waliandikiana na maliwali na maakida kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Baadaye herufi za Kirumi zikachukua nafasi. Mzee aliyekuwa akiandikia mji mzima barua akajikuta siku moja anahesabiwa kuwa hajui kusoma. Huko Unguja, serikali ilipofungua skuli zake mwanzoni mwa karne ya 20, wazazi wengi walikataa kupeleka watoto. Serikali ilidhani ni ujinga. Kumbe wazazi walikuwa na swali la haki kabisa: mwanangu atasoma Kurani saa ngapi? Jibu lilipatikana pale Kurani na Kiarabu vilipopewa nafasi katika ratiba, na walimu wenye heshima mjini wakaingizwa madarasani. Sheikh Burhan Mkelle, aliyefariki mwaka 1949, alisomesha Kiarabu katika skuli za serikali na kuwatungia wanafunzi kitabu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1969, naye alikuwa mwalimu wa skuli kabla ya kuwa Kadhi.

Funzo la hapo ni kwamba shule iliyompuuza mzazi ilikaa tupu, na iliyomsikiliza ilijaa.

Sasa niruhusu, ndugu msomaji, nieleze jambo la nyumbani kwetu, kwani ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nilipokuwa na umri wa miaka minane, mwaka 1986, nilikuwa nasoma chuoni mjini Unguja na nilikuwa nimeshavuka juzuu ya Amma. Nilijiona bingwa. Bibi yangu, mzaa baba, akaniita ukumbini. Alikuwa amefungua kasha lake, na mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Macho yake yalikuwa yameshafanya ukungu. Baba yangu alikuwa mtu wa skuli, anasoma herufi za Kirumi tu. Bibi akaniambia, "Nisomee, baba. Ni barua ya kaka yangu, kutoka Aden."

Nikaanza kusoma kama ninavyosoma chuoni, kwa sauti ya juu, nikidhani ni Kiarabu. Nikasoma, "Nimebata kazi." Bibi akacheka. "Si nimebata, mjukuu wangu. Nimepata!" Nikaendelea: "Wiwi na watoto." Akacheka tena hadi akafuta machozi. "Wewe na watoto!" Ndipo nilipogundua kwamba barua ilikuwa Kiswahili kitupu. Khati ya Kiarabu haina herufi ya P, wala haina irabu ya E, hivyo wazee wetu wengi waliandika B na I, na msomaji akajaza mwenyewe kwa kuwa anaijua lugha. Kwa muda wa nusu saa, mimi nilitoa sauti na bibi akatoa maana. Kwa njia hiyo tukaimaliza barua, isipokuwa mstari mmoja wa mwisho.

Mstari ule ulikuwa Kiarabu hasa. Kaka yake alikuwa na kawaida ya kumalizia barua kwa Kiarabu, kama walivyofanya waandishi wengi wa zama zile. Niliusoma vizuri sana, kila herufi mahali pake. Bibi akasikiliza. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Hakufahamu neno, nami sikufahamu. Akasema, "Basi, itakuwa dua tu," akaikunja karatasi akairudisha kashani. Aliniambia kwamba barua ile ilipofika, babu alikuwa ameshafariki, na jirani aliyewasomea naye alisema hivyo hivyo kwamba mwisho ni dua. Baada ya barua hiyo kaka yake hakuandika tena. Bibi aliamini kwamba alikwisha kuwasahau.

Bibi alifariki mwaka 1993. Mwaka 2001, nikiwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, nilimwonyesha barua ile mwalimu mmoja wa Kiarabu. Tarehe yake ilikuwa mwaka 1371 wa Hijria, yaani kiasi cha 1952. Akausoma mstari wa mwisho mara moja tu, akaniambia: "Anasema, nijibuni upesi kabla ya mwisho wa mwezi, kwani nahama na anuani hii haitafaa tena."

Haikuwa dua. Lilikuwa ombi. Jirani aliyesoma mwaka 1952 na mimi niliyesoma mwaka 1986, sote wawili tulijua herufi na hatukujua lugha. Kwa kosa hilo mtu na dada yake walipoteana.

Ndugu msomaji, ndiyo maana namwambia baba wa Temeke kwamba asione haya kuwa alihitimu bila kuelewa. Wengi tuko hivyo. Kusoma Kurani kwa matamshi sahihi ni jambo jema na lina thawabu yake, lakini si sawa na kujua Kiarabu. Somo la shuleni linakuja kuijaza nafasi ile iliyobaki wazi. Mtaala wa Tanzania Bara wa mwaka 2023 umekiweka Kiarabu, pamoja na Kifaransa na Kichina, miongoni mwa lugha za kuchagua katika shule za msingi. Kwa hiyo mtoto wako hajapotea njia.

Kwa mama anayeuliza kitampa nini, nasema hivi. Kiarabu ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 1973. Ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika. Ndugu zetu waliohamia Omani baada ya mwaka 1970, wengi wao wakiwa wazungumzaji wa Kiswahili, ilibidi waanze Kiarabu ukubwani, wakiwa na watoto mgongoni. Na leo vijana wetu wanakwenda Ghuba kutafuta kazi, wakitia saini karatasi wasizoweza kuzisoma. Wala asidhani mzazi Mkristo kwamba lugha hii haimhusu. Wakristo wa Misri na Lebanoni husali na kusoma Biblia kwa Kiarabu. Lugha ni ya anayeisema.

Tena mtoto wa Kiswahili haanzi na mikono mitupu. Akihesabu sita, saba, tisa, na kuanzia ishirini mpaka tisini, tayari amekwisha kutamka maneno yenye asili ya Kiarabu. Mwonyeshe kwamba hakimu, hukumu, mahakama na hekima ni watoto wa nyumba moja. Vivyo hivyo hesabu, hisabati na mhasibu, au shahidi, ushahidi na shahada. Akishaijua siri hiyo, atakuwa anawinda maneno kama anavyowinda embe. Muulize kwa nini Jumatano ni ya tano na Alhamisi nayo ni ya tano. Atagundua kwamba juma letu lina siku mbili za tano, moja kwa hesabu ya Kibantu na nyingine kwa hesabu ya Kiarabu. Lakini mwonye pia asiamini kila ufanano. Kwetu "rahisi" ni kitu chepesi au cha bei nafuu, ila kwa Mwarabu ni bei tu. Akimwambia mwalimu kwamba somo lake ni "rahisi", atakuwa amemwambia ni la bei poa!

Kwa wazazi nina maombi matatu. La kwanza, mpe mtoto dakika kumi kila jioni, akufundishe wewe maneno matatu aliyojifunza siku hiyo. Huna haja ya kujua Kiarabu. Una haja ya kukaa na kusikiliza. Mtoto anayemfundisha baba yake hasahau. La pili, bakora iwekwe kando. Wengi wetu tulikimbia chuo kwa kuogopa fimbo, wala hatukuichukia lugha. La tatu, nendeni shuleni mkaulize: mwalimu wa Kiarabu yupo? Amesomea kufundisha watoto? Vitabu vipo? Somo lililoandikwa kwenye ratiba na halina mwalimu ni sawa na kisima kisicho na kamba.

Nanyi watoto mnaosomewa makala haya, msikate tamaa kwa kuwa herufi zinakwenda kutoka kulia. Kila aliyejua alianza alifu kwa ujiti. Na kila mnaposoma mstari, muulizeni mwalimu, "Maana yake nini?" Msikubali kuambiwa kwamba ni dua tu.

Barua ya Aden ninayo mpaka leo. Mwezi uliopita nilimpa binti yangu, aliye darasa la tano. Alikwama mahali pawili, akaomba kamusi, kisha akausoma mstari wa mwisho na kuueleza kwa Kiswahili. Akaniuliza, "Baba, sasa mlimjibu?"

Nilimwambia hapana. Tukutane juma lijalo, inshallah.